Hadithi ya Mchana

Kisa hiki alikisimulia kwanza binamu yangu Nafula, kwenye matanga ya kukhu, nyanya yetu, sisi tukiwa tayari watu wazima. Aliwachekesha waombolezaji: "Ati mimi niliua ng'ombe kwa kitabu!" Lakini kuna sehemu aliyoiruka, nayo ni yangu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilikuwa ndio naingia darasa la kwanza. Karo ilikuwa imefutwa mwaka uo huo. Niliishi kwa kukhu, nje ya Kitale, upande wa Endebess. Likizo ya Agosti Nafula, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikuja kutoka Bungoma na kitabu cha hadithi. Kukhu akamwonya siku ile ile: hadithi haitolewi mchana. Ukiitoa, ng'ombe hupotea.

"Kukhu, mimi nasoma tu. Sitoi."

"Basi soma na mdomo ufungwe."

Nafula aliishika sheria hiyo. Tulipomchunga Baraka, ng'ombe pekee wa kukhu, alisoma kimya, midomo ameibana, akicheka peke yake. Wivu ulinikaba. Mimi nilijua herufi tu.

"Nisomee, dada."

"Kukhu amekataza."

"Si ni kidogo tu, bana! Hatasikia."

Asubuhi ya tatu alikubali. Alisoma vizuri mno, kila mtu kitabuni na sauti yake. Tulipoinua macho, Baraka alikuwa katikati ya maharagwe mabichi ya jirani, yamejaa umande. Tumbo lake likafura. Saa sita haikufika kabla hajafa.

Kukhu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani ametoa hadithi mchana?"

"Ni Nafula," nikasema.

Ilikuwa kweli. Nafula alinitazama, akangoja niongeze neno. Sikuongeza. Kitabu kiliingia motoni, na kesho yake akarudishwa Bungoma. Sijamwona tena na kitabu cha hadithi.

Najua sasa kwamba Baraka aliuawa na maharagwe, na uzembe wetu. Hata hivyo, siwezi kusema kukhu alikosea. Kuna kilichopotea siku ile. Katika ukoo wetu msomaji ni mimi, na wakinisifu kwa hilo mimi huinama. Nikisoma peke yangu, sauti ninayoisikia ni ya Nafula.

Kukhu ametutoka, na yule jirani pia. Nafula yu hai, Bungoma. Mimi pia ni hai, na neno lile bado sijaliongeza.