Nambari ya Mkebe wa Maziwa

Mjukuu wangu, jana nilikusikia ukibishana kwenye simu na watu wa intaneti. Wao wanakuuliza nambari ya akaunti, wewe unawatajia jina la babu yako ulilorithi. Nilicheka, kisha nikakumbuka asubuhi moja nikiwa bibi harusi hapa Nyeri, miaka michache baada ya uhuru.

Ng'ombe wa mama mkwe wangu, wa gredi, yaani chotara wa kizungu, wa kwanza pale nyumbani, alishikwa na uchungu na ndama akakwama. Mama mkwe alikuwa ameniahidi kwamba ndama akiwa jike atakuwa wangu. Akanituma mbio kwenye ofisi ya ushirika wa maziwa nikamwite daktari wa mifugo.

"Beba mkebe," akasema.

Mkebe mtupu wa maziwa, na mimi nimevaa gauni jipya! Nikauacha mlangoni kwetu.

Karani akauliza, "Nambari yenu ya ushirika?"

"Andika tu kwa Maina wa Wachira," nikajibu kwa maringo. Nilikuwa nimeolewa miezi miwili tu, na jina la mume wangu lilikuwa tamu mdomoni. "Nani hamjui?"

Si unajua sisi huwapa watoto majina ya babu zao? Katika ushirika ule akina Maina wa Wachira walikuwa watatu. Karani akaandika wa kwanza aliyempata kitabuni, na daktari akapanda pikipiki akaenda ng'ambo ya mto. Huko akakuta mzee akipalilia kahawa yake.

"Ati nini? Ng'ombe yangu iko sawa, si hiyo inakula nyasi!"

Daktari alipotufikia, jua lilikuwa la utosi. Alifanikiwa kumwokoa ng'ombe. Ndama alikuwa jike, na alikuwa amekufa.

Nililia sana. Mama hakunifokea. Aliniletea mkebe, akaugeuza upande ulioandikwa kwa rangi nyeupe.

"Soma."

"Mia mbili kumi na nne."

"Mimi sijui kusoma, Wambui. Ndio maana nilikuambia ubebe mkebe."

Mama alishazikwa zamani, nami bado naona aibu.

Kwa hivyo, mjukuu wangu, ukitafuta fundi wa intaneti, wa stima au wa maji, shika nambari yako mkononi kabla hujapiga simu. Jina lako nalipenda kuliko unavyolipenda wewe, lakini aliye upande ule hajui ni Maina yupi mwenye shida. Mungu akubariki, na siku utakapoita msaada, ukufikie ungali na cha kuokoa.