Siku Niliyovaa Vyuo Viwili

Kuna kanisa moja huko Mesquite, nje kidogo ya Dallas, ambalo hadi leo, na miaka imeshapita, siwezi kuingia bila mama fulani kuniuliza kama leo nimevaa moja au mbili, halafu watu wanacheka, na mimi nacheka nao, maana nitafanya nini, aibu ikishakuwa ya kanisa zima si yako tena peke yako. Basi wacha niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, kabla hamjaisikia kwa mtu atakayeitia chumvi (na chumvi haihitajiki, ilishakolea yenyewe).

Mimi naitwa Kariuki. Ni jina la babu yangu, mzaa mama, na kwetu Wakikuyu hilo si jambo dogo, maana dada zake mama wakiniangalia wanamwona baba yao, na ndivyo walivyoniita tangu nikiwa na kamasi puani: baba. Dada hao, ambao sisi twawaita tata, walikuwa wawili hapa Texas na wote manesi. Tata Wairimu, mdogo, ndiye niliyeishi kwake Garland, katika chumba cha nyuma chenye cherehani yake na masanduku ya nguo za kupeleka nyumbani, na kila nikienda kazini kwenye ghala alinifungia githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, katika mkebe wa aiskrimu. Tata Nyambura, mkubwa, alikaa Houston upande wa Gulfton, peke yake, watoto wake wakiwa wameoa na kuhamia majimbo ya mbali.

Huyu wa Houston ndiye aliyenifundisha. Kila asubuhi yeye akitoka zamu na mimi nikiingia barabarani kwenda kazini, simu ililia, na hakuna habari ya asubuhi wala nini, ni moja kwa moja, "Mifupa ya kifundo cha mkono. Anza." Nami naanza, huku nimeshika usukani na malori yananipita kushoto na kulia, na nikikosea anasema, "Umeruka mmoja, baba. Huyo mgonjwa wako atashikia kijiko wapi?" Sijui kama nimewahi kupendwa na mtu kwa namna ile, ya kuulizwa mifupa. Wakati ule nilidhani ni usumbufu tu.

Basi nikafanya mitihani, nikaomba nafasi ya unesi katika vyuo viwili vya jamii, kimoja huku kwetu upande wa Dallas na kingine Houston, nikijua vizuri kwamba wanaoomba ni wengi na nikipata hata kimoja nitapiga magoti. Nikapata vyote viwili. Wiki moja! Na hapo ndipo shetani aliponikalia begani, maana Tata Nyambura alipiga simu akilia kwa furaha, akaniambia ameshatoa vitu vyote katika kile chumba cha mwanawe, ameweka kitanda kipya na meza ya kusomea, "Utakuja, si ndio, baba?" na mimi, badala ya kusema subiri kidogo tata, bado nafikiria, nikasema, "Ndio tata, nitakuja." Ilikuwa rahisi hivyo. Jioni yake Tata Wairimu akaweka sahani ya kuku mbele yangu na kuuliza, "Si utasomea hapa nyumbani?" na mdomo huuhuu, tena ukiwa umejaa kuku, ukasema, "Ndio tata."

Msinicheke sana. Mtu aliyelelewa kwetu anajua kwamba mkubwa akikuomba jambo kwa upendo, neno hapana linakwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilimpigia mama yangu kule Nyahururu nikimwomba amwambie mmoja wao kwa niaba yangu, maana ni dada zake, atajua lugha ya kutumia. Nilisikia kuku nyuma yake, kisha mama akasema, "Mdomo uliokubali ndio utakaokataa," na akaniuliza kama huko kuna joto.

Joto lilikuwepo. Ilikuwa Agosti. Siku zikaenda nami nikijiambia kesho, kesho, na tarehe ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ilikuwa Jumatatu, vyuo vyote viwili, na usipothibitisha anapewa mwingine. Hadi Jumapili ile sikuwa nimethibitisha popote, yaani mtu mwenye vyuo viwili alikuwa karibu kubaki hana hata kimoja.

Sasa kanisa letu lina desturi. Kabla ya shule kufunguliwa, wote waliopata nafasi ya unesi huitwa mbele wakiwa wamevaa sare ya chuo chao, wazee wanawawekea mikono, akina mama wanapiga vigelegele, halafu chai. Tata Wairimu alikuwa ameninunulia sare ya rangi ya damu ya mzee, ya kile chuo cha huku, na aliikadiria kwa macho, ila macho yake yalikuwa bado yanamwona yule kijana mwembamba aliyempokea uwanja wa ndege, kabla ya githeri za mkebe. Kuivaa ilinichukua dua. Kuivua, nikajua moyoni, kutahitaji msaidizi.

Nimesimama nje ya ukumbi najipepea na karatasi ya nyimbo, mara naona gari la Tata Nyambura linaingia. Ametoka Houston alfajiri, hakusema, anataka kunishtua (na alinishtua). Niliingia ndani mbio kama mwizi, kwa bahati nikiwa na jaketi mkononi, nikalivaa nikafunga zipu hadi kidevuni, Agosti hiyo, na kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kimeharibika tangu Ijumaa. Akanikuta kwenye korido. Akanikumbatia, akanipa mfuko wa zawadi.

"Ni scrubs zako, za Houston. Nenda ukavae, baba, nikuone. Nime-drive masaa manne kwa sababu ya hii tu."

Sare ya Houston ilikuwa ya buluu ya anga. Nikaingia msalani. Nikajaribu kuivua ile ya kwanza, ikafika kwapani ikagoma, nikabaki mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, nje mzee anagonga mlango akisema, "Wewe uliye ndani, bado?" Na hapo nikafanya hesabu yangu ya kipumbavu: Tata Wairimu yuko jikoni na masufuria ya chai, hatoki huko hadi mwisho wa ibada, Tata Nyambura ataketi mbele, basi nikivaa ya buluu juu ya ile nyingine, mmoja ataona na mwingine hataona, na kesho ni kesho. Nikaivaa, suruali juu ya suruali, nikatoka nikitembea kama mtoto aliyefungwa nepi mbili.

Mchungaji akatuita. Tulikuwa kama saba hivi, nami ndiye wa buluu peke yangu. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni na halipati pa kutokea. Mchungaji akasema, "Huyu ndugu yetu Kariuki," na kabla hajamaliza Tata Nyambura akasimama akaanza vigelegele. Niwaeleze: kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu, tangu siku anayozaliwa, na kila mtu ukumbini anahesabu bila kujua kwamba anahesabu. Akapiga cha kwanza. Akapiga cha pili. Tata Wairimu akaisikia sauti ya dada yake kutoka jikoni akatoka na upawa mkononi, anacheka kwa furaha ya kumwona, kisha macho yake yakaja kwangu, yakashuka kwenye ile buluu, na kicheko kikaisha. Tata Nyambura akapiga cha tatu, akamwona mdogo wake, akaona ule uso, na cha nne hakikutoka.

Mtu akanong'ona, "Vitatu? Kumbe ni msichana?"

Nilitaka kusema kitu. Nakumbuka nilifungua mdomo. Halafu nikaona sakafu inakuja.

Watu wengine wakizimia kanisani huombewa. Mimi nilizimia katika kanisa ambalo nusu yake ni manesi, na hakuna aliyekumbuka kuomba. Walinirukia kama mwewe. Miguu yangu ikawekwa juu ya kiti, mmoja akaitisha maji, mwingine anauliza kama nina sukari, mama mmoja wa wodi ya dharura akatoa mkasi kwenye mkoba wake (sijui ni nani huja ibadani na mkasi, lakini Mungu ambariki) akaipasua ile buluu kutoka shingoni hadi tumboni kwa mpigo mmoja, halafu nikamsikia, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi kazini ila si hili: "Ngojeni. Iko ingine ndani."

Walicheka, jamani. Walicheka hadi wazee wakashika viti. Mchungaji alikuwa amepiga magoti kando yangu akiwa bado ameshika maikrofoni, na maikrofoni ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo kila nilichosema baada ya hapo kilisikika hadi kwenye maegesho. Na manesi ni manesi: hata kabla sijakaa vizuri wakaanza kujadili. Huyu anasema chuo cha Houston kina hospitali kubwa za kujifunzia, yule anasema cha huku masomo ni jioni na Jumamosi, mtu anaweza kuendelea na kazi, mwingine anasema mwanawe alisoma Houston akamaliza vizuri, mwingine, "Wako alikuwa na akili, huyu anavaa nguo mbili."

Tata zangu hawakucheka. Tata Wairimu alikuwa ameketi sakafuni amenishika kifundo cha mkono wa kushoto, Tata Nyambura wa kulia, wote wawili wakihesabu mapigo, wote wawili macho kwenye saa.

"Ume-confirm wapi?" akauliza Tata Wairimu.

"Sija-confirm popote."

"Na kesho ndiyo mwisho!"

"Najua, tata."

Ndipo Tata Nyambura akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye saa yake, "Baba. Wewe mwenyewe unataka wapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, wala mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza kwa sauti. Nikafikiria kile chumba cha Houston chenye kitanda kipya. Nikafikiria masomo ya jioni, kazi yangu ghalani niliyohitaji, maabara ndogo ya chuo cha huku ambako, siku niliyokwenda kuomba nafasi, mwalimu aliniruhusu kusikiliza moyo wa mgonjwa wa plastiki nikatoka nimejaa furaha kama mtoto. Nikasema, "Hapa," na spika zote za ukumbi zikasema hapa.

Tata Nyambura hakuniachilia mkono papo hapo. Alimaliza kwanza kuhesabu. Kisha akauweka kifuani pangu taratibu, akasema, "Mapigo yako sawa," akaokota ile sare ya buluu iliyopasuka, akaikunja vizuri kama nguo mpya, akairudisha mfukoni. Chai alikunywa. Alicheka na watu. Ila jioni alipowasha gari kurudi Houston niliona amekaa kidogo bila kuondoka, mikono kwenye usukani, na moyo wangu ulivunjika, nawaambia, heri ningezimia mara kumi mbele ya watu kuliko kuona vile.

Jumatatu nikathibitisha. Asubuhi ile simu haikulia. Wala Jumanne. Nilikuwa naenda kazini katika ukimya, naisoma mifupa peke yangu, na kila mara nikifika mmoja wa katikati napotea. Jumatatu iliyofuata ikalia. "Kifundo cha mkono," akasema. "Anza." Nilianza huku machozi yananiziba macho, akaniambia nipunguze mwendo.

Nilimaliza. Siku ya kuvishwa pini yetu ya unesi Tata Nyambura alikuja, na safari hii alisema anakuja. Jina langu lilipoitwa nikasubiri, nikajua vitano vyangu vinakuja, na ukumbi wa chuo uliojaa wageni wa kila taifa ukasikia vigelegele viwili tu, virefu, vya mama wa Nyahururu, kisha kimya. Nilipomwuliza baadaye mbona viwili, alinitazama kana kwamba nimeruka mfupa. "Vitatu si nilishakupa?"

Sasa amerudi nyumbani, anafuga ng'ombe, na asubuhi yetu ni jioni yake, kwa hiyo ile simu ya asubuhi hailii tena. Vijana wa kanisani wakija kuniuliza wachague chuo kipi mimi huwaambia, chagua unachokitaka wewe, halafu mwambie yule wa pili kabla hajanunua nguo. Nao wananiuliza, "Na wewe, anko, leo ni moja au mbili?" Nawaambia ni moja. Lakini nikiwa peke yangu garini kuelekea zamu, na malori yananipita kushoto na kulia, huwa naanza na mfupa wa kwanza, kwa sauti, nikifika katikati nauruka mmoja kwa makusudi, halafu nasubiri niulizwe mgonjwa wangu atashikia kijiko wapi.