Mwili Ndio Ulichelewa

Mwenyekiti wetu simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kulitafuta katikati ya maneno. Ni mtu wa hapa hapa Buganguzi, kibanja cha baba yake kimepakana na cha kwetu, lakini alikwenda Bukoba mjini akafanya kazi kwenye ofisi ya kiwanda mpaka akastaafu, akarudi na kiti cha kuzunguka. Kiti chenyewe kiko barazani kwake. Kuku wanakilalia.

Tulimchagua wenyewe awe mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana. Kwa asiyejua, kikundi chetu kina kazi moja: mtu akifa tunachimba kaburi, tunapika, tunakaa na wafiwa, tunazika. Baba zetu waliifanya kazi hiyo bila kikao. Huyu akasema kikundi bila mfumo wa uongozi ni genge, na mfumo bila malengo ya mwaka ni porojo. Mwaka ulipoanza akatuita shuleni, akabandika karatasi kubwa ya manila ubaoni. Lengo, alisema, lazima lipimike. Wote tukatikisa vichwa. Mimi niliishia darasa la nne, na darasa la nne hawakufundisha hayo, lakini kichwa nilikitikisa kama wenzangu.

Lengo la kwanza: kila msiba uzikwe siku inayofuata, kabla ya saa kumi jioni. La pili: masufuria na maturubai yarudi stoo siku hiyo hiyo. La tatu lilikuwa mambo ya kuwahi mikutano. Sitaki kusema uongo, sababu ilikuwepo. Misiba ilikuwa inajivuta, watu wanakaa wiki wanalewa rubisi ya mfiwa, huku kahawa zao zinaota ukungu kwenye mikeka. Kwa hiyo hakuna aliyepinga.

Mimi kulenga nilikujua kwa manati. Nilipokuwa mdogo mama alinituma nifukuze ndege kwenye mtama, nikamlenga ndege, jiwe likavunja mtungi wa jirani. Mama hakuniuliza nililenga nini. Aliniuliza nimevunja nini, tena kwa fimbo. Basi turudi kwenye msiba.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa kisiwani Goziba. Alikwenda kijana, akazeekea huko, mke hakuoa, au alioa akatuficha, sijui. Nyumbani alikuja msimu wa senene, anakula, anacheka, anarudi. Safari ya mwisho alipokuja alikuwa amekonda. Tulikuwa tumekaa mlangoni tunanyonyoa senene mabawa, akaniambia bila kuniangalia:

"Kaka, nikifa kule usiache wanizike mchangani. Wale hawamjui hata mama yangu. Nataka nizikwe na watu wa kwetu."

Nikamwambia kikundi kipo, jina lake limo, asiwe na shaka. Akasema sawa, akaendelea na senene.

Simu ilipigwa jioni moja ya mvua. Wenzake wa kambini wakaniambia ameaga, na kwamba wataondoka na mtumbwi alfajiri ziwa likiruhusu. Nikamwarifu mwenyekiti. Sina la kumsema hapo: kesho yake kulipopambazuka vijana wa kikundi walikuwa wameshachimba kaburi ubavuni mwa mama, jeneza limeletwa, ndizi na maharage viko jikoni, maturubai yamefungwa. Kilichokosekana ni marehemu.

Ziwa lilikuwa limechafuka. Mchana simu ya kisiwani ikaingia mara moja ikikatikakatika: walitoka, mawimbi yakawarudisha, watajaribu tena. Mwenyekiti akaanza kutazama saa. Ana saa kubwa, ya kuagwa kazini. Akatazama, akamvuta mwinjilisti pembeni wakanong'ona, kisha akaja nilipokaa kwenye nyasi.

"Pole sana, waitu, ndugu yangu. Tuanze ibada."

"Tuanze na nani?"

"Watu wamekaa tangu asubuhi. Muda wetu unakwisha."

Nikadhani ibada itasomwa, kisha tutamsubiri. Wakaimba, mwinjilisti akasoma, akaombea safari ya marehemu, nami nikawaza huyu bwana yuko kwenye safari kweli, yuko juu ya maji. Jeneza tupu likiwa hapo mbele yetu. Wakala. Walipomaliza, mwenyekiti akasimama akashukuru, akatangaza kwamba upande wa kikundi kazi imekamilika. Wakaanza kufungua maturubai. Mama mmoja akainua sufuria iliyokuwa bado na maharage, akaniangalia, akayamwaga kwenye majani ya mgomba akaondoka na sufuria. Wengine walikuwa na haya, wakapita nyuma ya nyumba wasinipe mkono. Lakini walipita.

Asubuhi iliyofuata kaburi lilikuwa na maji. Mimi na binti yangu tukayachota kwa ndoo. Kabla hatujamaliza likaja gari la mizigo kutoka mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, na juu yake wanaume wa kisiwani wamemshika mdogo wangu ndani ya blanketi na turubai la mtumbwi, wao wenyewe wamelowa hadi kwenye mifupa. Mmoja Mkerewe, mmoja Mha, wengine sikuuliza kwao ni wapi. Wakauliza watu wako wapi. Nikawaonyesha jeneza.

Wakamlaza ndani, wakamshusha, wakamfukia. Mkerewe akauliza kaburi la pembeni ni la nani. Nikamwambia ni la mama yetu. Akavua kofia, akampa pole mama. Ndivyo ilivyokuwa: alizikwa kwetu, kwenye udongo wa migomba, na wale wale aliowakataa.

Mwaka ulipoisha tukaitwa shuleni tena. Manila ile ile. Mwenyekiti akaweka alama ya vema kwenye lengo la kwanza, akasema limefikiwa kwa misiba yote. Nikasimama. Nikamuuliza na wa kwetu je.

"Mzee wangu, ule msiba ulikwenda kwa wakati," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Mwili ndio ulichelewa."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, nadhani walicheka kwa kubanwa. Mimi sikucheka.

"Basi mwaka ujao andika na langu. Marehemu awepo."

Akaeleza kwamba hilo haliwezi kuwa lengo, kwa sababu hali ya ziwa iko nje ya uwezo wa kikundi, na lengo zuri ni lile lililo ndani ya uwezo wenu. Nikamwambia kusubiri kulikuwa ndani ya uwezo wetu. Akasema hoja imepokelewa. Haikuandikwa. Nikaomba jina langu lifutwe, na hilo aliliandika haraka.

Sasa binti yangu ana namba ya Mkerewe kwenye simu yake. Nimemwambia nikifa aanze kumpigia yeye, na kama ziwa limechafuka wanisubirishe mimi mpaka wavuke.

Mwenyekiti bado hupita njia ya kibanjani kwangu akienda kanisani. Husimama akaniuliza afya yangu, kwa sauti ya mtu anayepanga mwaka. Namjibu kwamba mimi asinihesabu.