Krismasi Mama Alipokuwa Mwali Tena

Nikipita mahali palipofyekwa nyasi, hata kama ni uwanja wa shule katikati ya Juni na jua linawaka, pua yangu huniambia kwamba Krismasi imefika. Silaumu pua. Nimekulia Buganguzi, wilayani Muleba, na kwetu sikukuu haikuanza kwa nyimbo wala nguo mpya, ilianza kwa nyasi. Siku chache kabla, sisi watoto tulikwenda rweya, ule uwanda wa majani ulio nje ya migomba, tukakata nyasi laini, tukazifunga mizigo na kuzibeba kichwani huku zikituwasha shingo. Nyumba nzima ilitandazwa nyasi hizo, kuanzia sebuleni mpaka vyumbani, na juu yake mikeka. Usiku tulilala humo binamu kwa binamu, maana Desemba ndio mwezi ambao Mhaya popote alipo hukumbuka kwamba ana kwao. Walikuja kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, miguu imevimba kwa safari ya basi, wakiwa na mabegi, biskuti na Kiswahili cha haraka ambacho sisi wa kijijini tulikiiga mpaka shule zilipofunguliwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na ukiniuliza raha ni nini, nitakupeleka kwenye nyasi zile.

Raha hiyo ilikuwa na mbebaji wake, naye alikuwa Mama. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kufika kwetu mwezi Desemba. Kwetu mgeni alipona na mwenyeji akaugua. Mama aliamka jogoo la kwanza, akachota maji, akamenya ndizi, akachambua maharage, akapika, akaosha, akatandika, kisha akaanza tena kwa sababu basi jingine limeingia. Hakutaka msaada. Ukishika kisu, anakunyang'anya, eti unamenya na nyama ya ndizi. Ukifagia, anafagia tena nyuma yako. Siku yenyewe ya Krismasi alikula wa mwisho, wima, jikoni, kwa kukomba chini ya sufuria, na wageni walipoita aje apigwe picha, alitokea amejifuta uso kwa kanga yenye masizi. Ukimwambia amechoka, alijibu kwamba atapumzika Januari. Januari nayo ilikuja na palizi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Mwanzoni mwa Desemba Mama alisimama katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, akashika mgomba, akaniambia haoni vizuri. Nilikwenda naye zahanati nikiwa nimemshika mkono, kana kwamba mimi ndiye mama. Muuguzi alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapima, akapima tena, akavua miwani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba presha iko juu sana, atampa vidonge, lakini vidonge peke yake havitoshi, lazima apumzike. Akiendelea hivi, safari ijayo ataletwa amebebwa, na anayebebwa si lazima arudi. Mama aliitikia kila neno kwa adabu. Tulipofika nyumbani alivificha vidonge ndani ya debe la unga, akaniambia nisimwambie Baba wala mtu yeyote, watu wasije wakaharibikiwa sikukuu. Kisha akachukua jembe. Mimi nililala siku nyingi nikimsikiliza anavyopumua ng'ambo ya ukuta, na nyasi tulipokwenda kuzikata mwaka ule, sikuimba.

Shangazi Koku alikuja kutoka Kanazi siku tatu kabla ya Krismasi. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kengele ya misa, na kwa Wahaya shangazi si mgeni. Ndiye anayempeleka bibi harusi na ndiye anayemsuta bwana harusi. Nilimpokea kikapu, nikapiga magoti kumsalimia kama nilivyofunzwa, na nilipofungua mdomo kusema salamu, yakatoka yote, presha, debe la unga, na mtu anayeletwa amebebwa. Shangazi hakushtuka wala hakunikemea kwa kutoboa siri. Alitoa mfukoni punje ya kahawa kavu, ile ambayo Wahaya hutafuna, akaitafuna taratibu, akatazama upande wa jiko ambako Mama alikuwa akipuliza moto.

Jioni ile, watu wote wakiwa wamekaa mkekani, Shangazi alisimama. Alisema kwamba tangu zamani msichana akiolewa kwetu huwekwa ndani kwanza. Hagusi jembe, hagusi chungu, anakula, anapakwa mafuta, analala, anang'aa, mpaka siku atakapotolewa watu wamwone. Kisha akamgeukia Baba. "Wewe, mke wako tulipomleta, mvua ya masika ilikuwa inakuja na mama yetu alikuwa mgonjwa. Siku ya pili tu alikuwa shambani. Hamkumweka ndani. Mimi ndiye niliyemleta, na deni hilo limenikaa kooni. Kuanzia usiku huu wifi yangu ni mwali. Tutamtoa Krismasi mchana."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mawifi. Mama naye alicheka, akainuka akaangalie maharage. Shangazi akamkamata kiuno. "Wifi, waitu, unakwenda wapi? Mwali hatoki." Mama alisema jamani, nani atapika, watu hawa wote! Ndipo Shangazi, bila kupandisha sauti, akasema maneno ya muuguzi mbele ya wote. Kicheko kilikatika. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa maneno mengi, lakini jioni ile aliinuka, akaenda mwenyewe jikoni akageuza maharage. Hilo lilikuwa jambo jipya duniani. Baba mdogo Justo, mdogo wake anayefanya kazi Dar es Salaam, alipiga kifua akasema kwamba ndizi za Krismasi ni juu yake na mkewe, Mama Linda. Yeye ni mtoto wa kibanja, hatishwi na mkungu.

Msidhani kupumzika ni kazi rahisi. Mama alikaa kitandani kama mtu anayesubiri hukumu. Kila chombo kilipoanguka alishtuka, kila mtoto alipolia alikunja shuka tayari kushuka. Alianza kuagiza kupitia ukutani: mfunike maji, mtoe kuni mbichi, mbuzi amefungwa wapi. Shangazi akatoa sheria nyingine, kwamba mwali haagizi, kwa kuwa kichwa kinachoagiza hakijapumzika hata kama mwili umelala. Alimkanda mgongo, alimpaka mafuta miguuni, akamkumbusha mambo ya usichana wake ambayo mimi sikupaswa kuyasikia na niliyasikia vizuri sana. Siku ya mkesha, mchana, Mama alilala usingizi mzito mpaka akakoroma. Binamu zangu walikuja kuchungulia kwa zamu. Hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana.

Krismasi asubuhi Shangazi na wengine walikwenda misa ya kwanza, Baba akiwa mbele yao kwa kuwa ndiye aliyefundisha kwaya. Mama alikuwa amekwenda ile ya usiku. Shangazi alisema mwali huruhusiwa kwa Mungu tu. Nyumbani tulibaki Baba mdogo Justo na mkewe wakiandaa chakula, na mimi niliyeachwa mlangoni kwa Mama kama askari. Baba mdogo aliingia kibanjani akipiga mluzi, akatoka na mikungu miwili mizuri, akaketi kumenya. Mama alikuwa amesogea kwenye kidirisha. Nikamwona anashika mdomo.

"Amekata embiire," alinong'ona.

Embiire ni ndizi za kukamulia pombe. Ukizipika ni chungu, zinakausha ulimi mpaka unasahau jina lako. Mtoto yeyote wa Buganguzi anazijua kwa kuzitazama, lakini Baba mdogo aliondoka mdogo kwenda shule ya bweni, na ndizi alizokuwa akizijua ni zile za kwenye sahani. Mama aliteremka kitandani. Nilijitandaza mlangoni. Akaniambia nipishe, au basi nikimbie mimi nikawaambie, watu wanatoka kanisani na njaa, itakuwa aibu, watasema nini. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama kama ile siku ya mgomba. Niliogopa, nikalia, nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nimekibeba mwezi mzima.

"Mama, wacha ziwe chungu. Wewe usife."

Alisimama pale, mkono mmoja kwenye kitasa. Kule nje Baba mdogo alikuwa anamfundisha mkewe namna ya kumenya, kwa sauti ya profesa, akimwambia kwamba hii ndiyo ndizi halisi ya Kihaya. Nikaona bega la Mama linatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alirudi kitandani, akanivuta, tukajifunika shuka mpaka kichwani ili tusisikike, tukacheka mpaka machozi yakatulowanisha. Kila tulipotulia, tulisikia "ndizi halisi ya Kihaya," tukaanza upya. Kisha akapitiwa na usingizi, nami nikakaa kulinda ule usingizi. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Mchana Shangazi alimtoa Mama. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililokuwa halivaliwi, uso unang'aa mafuta, na sisi watoto tukapiga magoti njia nzima, tukimwamkia kwa salamu ya heshima ya Kihaya, "Kasinge, waitu!" Aliketishwa katikati ya mkeka, akapewa kahawa ya kutafuna wa kwanza, na sahani iliyojaa, ndizi zinafuka moshi. Wengine walikuwa wameshaonja. Baba mdogo alikuwa anatazama chini, mkewe karibu atoe chozi, na wazee wanatafuna kwa heshima kama wanaotafuna dawa. Macho yote yalikuwa kwa Mama. Akamega, akatia mdomoni, akatafuna bila haraka, akameza.

"Ni chungu," alisema. Akamega tena. "Lakini ni za moto. Tangu niolewe katika nyumba hii, sijala chakula cha moto siku ya Krismasi."

Baba aliweka sahani yake chini. Halafu Shangazi akaangua kicheko, na baada yake nyumba nzima, Baba mdogo akicheka kuliko wote kwa kuokoka. Tulikula mbuzi na maharage, ndizi tukawapa nguruwe wa jirani, ambao nao walifikiria kwanza. Jioni tulipokuwa tukikusanya vyombo, nilimsikia Mama akimwambia Shangazi kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani, "Kumbe sikukuu inafika hata nikikaa."

Mama yupo, ni mzee sasa, vidonge vyake viko mezani mbele za watu. Mimi naishi Bukoba mjini. Nina vigae sakafuni, sina haja ya nyasi. Nina jiko la gesi, na rweya tuliyokatia imejaa mikaratusi. Kazi za mikono zimepungua, lakini Desemba imenenepa. Kuanzia Novemba simu haitulii kwa ujumbe wa kundi la familia: nani atalala wapi, nani hali nini, sare za rangi gani. Kichwa cha Mama nimekirithi chote, kile kinachoagiza kikiwa kimelala, na mwaka juzi kilinipeleka hospitali nikiwa bado na orodha ya manunuzi mkononi. Daktari alisema maneno yaleyale. Shangazi Koku ametangulia mbele za haki, na hakuna wa kunishika kiuno. Ilinibidi nijishike mwenyewe.

Kwa hiyo siku hizi Krismasi asubuhi nachukua kahawa yangu naketi barazani, na simu naiacha chumbani. Ndani wanagongana, mashemeji na watoto, wanafungua kabati hili na kulifunga lile, wanabishana, wanacheka. Mwaka jana mtu akapaza sauti kutoka jikoni, "Jamani, chumvi ya nyumba hii inakaa wapi?"

Najua inakokaa. Nikanywa kahawa yangu, ingali ya moto.