Tundu la Sungura na Kipande cha Papa

Sisi tulipokuwa wadogo, na wenzangu wa rika langu mtanishuhudia, mnyama haji nyumbani kama kifurushi. Unamjengea kwanza. Unakaguliwa, unarudishwa, unajenga tena, na ukishindwa anakwenda kwa mwengine. Nayasema haya kwa hasira na sifichi, maana juma lililopita nimetoka dukani kwangu Chake, nikaingia nyumbani kwangu Tibirinzi, nyumba ya ghorofa niliyoijenga mwenyewe, mtu niliyeiacha skuli darasa la tano, nikakuta boksi sebuleni limeshushwa na boti kutoka Dar. Ndani ya boksi tundu la plastiki la rangi ya waridi. Ndani ya tundu kijigodoro. Juu ya kijigodoro, mto.

"Mto wa nani huu?" nikauliza.

"Wa sungura," akajibu mwanangu Salim, miaka kumi na mmoja, macho hayatoki kwenye simu ya mama yake.

Sungura mwenyewe hajafika. Yupo Jadida, Wete, kwa mjomba wa Salim, aliyeahidi kumleta Ijumaa baada ya sala. Sungura bado, mto umeshatangulia. Mimi nimelalia jamvi mpaka nimeota ndevu, na leo ndani ya nyumba yangu mnyama wa kula majani ya viazi anawekewa mto.

Nikakumbuka wangu.

Tulikaa kijijini, si mbali na Mkoani. Mjomba wangu Faki alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Makoongwe, na siku moja alivuka kuja kwetu na habari kwamba sungura wake kazaa. Bibi yangu hakusema sungura, yeye akisema kitungule. "Kitungule hicho mpeni mtoto mmoja," akasema, "lakini si nyote, mtanila kichwa." Tulikuwa wawili tuliomtaka, mimi na binamu yangu Kombo, na Kombo mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko kamba ya kisima.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Sungura huenda kwa mwenye tundu. Na tundu halisifiwi kwa mdomo, hupimwa kwa papa."

Papa mnamjua. Nasema yule papa mkavu wa zamani, ukimfungua jikoni mtaa mzima unajua leo mnakula nini. Baba alikuwa na desturi yake: kipande cha papa kinafungwa ndani ya tundu tupu, tundu linawekwa uani, na paka wote wa kijiji wanajua. Kikikutwa asubuhi, mnyama ataletwa. Kikiliwa, hujajenga. "Paka akimshindwa papa, na sungura atamshindwa," akasema. "Nakupa mara tatu. Ya tatu ikiharibika, Faki atampa Kombo."

Basi nikajenga. Nikitoka chuo cha Kurani tu, na mgongo bado unawasha bakora ya mwalimu, nashika panga nakwenda kukata fito. Bibi ananisokotea kamba za usumba, nyuzi za kumbi la nazi, juu ya paja lake, viganja vimemwiva wekundu, na mdomo haupumziki: "Pita kule, usinikanyagie karafuu zangu." Uani majamvi yametandikwa karafuu, jua linawaka, ile harufu inakaa mpaka kwenye mate. Nimeshika ufito kwa vidole vya mguu, kamba kwa meno. Nani leo anashika kitu kwa vidole vya mguu? Wanangu vidole vya miguu wanavijua kwa kukatia kucha.

Asubuhi ya kwanza kipande hakipo. Nilikuwa nimesahau kuwa tundu lina chini. Paka kafukua mchanga, kaingia, kala, katoka kwa njia yake. Kombo alicheka mpaka akakaa kitako. Baba hakunipiga. Alichutama, akalitazama tundu, akasema, "Umejenga kwa macho ya mwenye nyumba. Jenga kwa macho ya paka."

Akanilaza kifudifudi, kidevu kwenye vumbi, nikalizunguka tundu lote hivyo hivyo, natafuta pa kuingilia.

"Leo kapanda cheo," Kombo akawaambia watoto wa jirani. "Msimwite jina lake tena. Mwiteni nyau."

Asubuhi ya pili mlango umelegea, papa hayupo. Fundo nililifunga la kufungia mbuzi, linavutika. Baba akanionesha fundo lake, mara moja tu, hakurudia. "Kaza. Ukidhani umekaza, kaza tena." Nikashinda siku nzima nafunga na kufungua mpaka vidole vikatoka damu. Jioni nikalala tena kifudifudi, Kombo akalia nyau mpaka akachoka mwenyewe.

Asubuhi ya tatu nilitoka kabla sijanawa uso. Tundu lina makucha pande zote, fito zimekwaruzwa, mchanga umechimbwa huku na huku, na kipande cha papa kinaning'inia pale pale nilipokifunga. Baba alipitisha kidole chake kwenye yale makwaruzo, moja moja, kama anayesoma barua. Kisha akakifungua kipande, akampa bibi, bibi akakitia nazi, na mchana ule tukala mtihani wangu kwa muhogo. Sungura akaletwa siku ya pili ndani ya kikapu. Kutokana na yule ndipo nilipojua kufuga, na kutoka kufuga nikajua kuuza, na kutoka hapo ndiyo haya mnayoyaona: maduka matatu ya vifaa vya ujenzi. Wenye shahada zao nawaajiri mimi. Sikusomeshwa na mwalimu, nimesomeshwa na papa.

Sasa rudini Tibirinzi. Nikamwambia Salim, "Hili boksi lirudi lilikotoka. Utajenga."

"Si tundu hili hapa, baba?"

"Basi tulipime."

Nikaingia jikoni, nikachukua kipande cha papa, nikakilaza juu ya ule mto.

"Juu ya mto, Baba Salim?" mke wangu akasema. "Utaufua wewe, mimi simo."

Sikuufua. Asubuhi kilango cha plastiki kiko wazi, papa kenda zake, na mto umejaa manyoya ya paka. Kwa kweli nilifurahi, tena sana. Nikamwambia Salim masharti ni yale yale ya babu yake, isipokuwa mara tatu hana, Ijumaa iko karibu. Anajenga, analipima mara moja. Kikiliwa kipande, nampigia simu mjomba wake, sungura abakie Jadida. Mtoto machozi yakamlengalenga. Alishamchagulia jina, alishawaambia darasa zima. Sikurudi nyuma.

Akajenga siku tatu, kwa mabaki ya mbao na waya kutoka dukani kwangu. Nilimtafutia kamba ya usumba, mji mzima sikuipata, wenye maduka wananitazama kama nimeulizia meno ya tembo. Akatumia ya nailoni. Na fundo nilipotaka kumwonesha, akanambia ameshaliona kwenye simu. Nikatazama: fundo la baba yangu, lile lile, linafungwa na mtu wa nchi nisiyoijua, ananyoosha kidole na kutabasamu. Babangu alilionesha mara moja tu maishani, na huyu analirudia kwa kila anayemgusa kwenye kioo cha simu. Nilichukia kiasi cha kushindwa kula.

Jumatano jioni nikamwambia neno la babu yake: "Hujamaliza. Litazame kwa macho ya paka." Nikamngoja alale kifudifudi. Hakulala. Alisimama, akalitazama tundu, akawatazama paka waliokaa juu ya ukuta, akaingia ndani. Nikasema moyoni, basi, huyu kashindwa. Hotuba ya asubuhi nikaitunga kitandani, nzuri, ina mwanzo na mwisho.

Alhamisi nimerudi msikitini, kipande kipo. Nikalizunguka tundu. Hakuna ukucha hata mmoja, wala mchanga haukuguswa. Nikashangaa, maana paka wa mtaa huu nawajua, hawana dini. Kisha nikawaona. Watatu, wamelala ubavuni mwa tundu, matumbo juu, na pembeni yao bakuli tupu lenye mifupa ya changu. Changu wangu, niliyemsaza chakula cha usiku.

"Nani kawapa paka samaki?"

"Mimi," akasema Salim.

"Huo si mtihani. Hiyo ni hongo."

"Si umesema nilitazame kwa macho ya paka, baba?" akasema taratibu, wala si kwa ufidhuli. "Nimelitazama. Nikaona nna njaa."

Mke wangu akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. "Mjibu, Baba Salim. Wewe ndiye mtu mzima."

Ile hotuba niliyoitunga haikuwa na mahali pa kuanzia. Nikashika fundo la mlango nikalivuta, likakaza. Nikalivuta tena, likakaza. Nikampigia simu mjomba wake, nikamwambia amlete.

Ijumaa sungura kaja, mweupe, masikio ya kijivu, yumo ndani ya tundu la mbao na paka wamekaa nje wanamtazama kama majirani. Salim anawalisha wote. Na mimi bado nimekasirika, ila hasira imehama ilipokuwa.

Kwa sababu nimekaa nikafikiri kwa nini sisi hatukuwaza kumlisha paka. Tulikuwa na nini cha kumpa? Kipande kile cha papa hakikuwa chambo. Kilikuwa kitoweo chetu. Kila kilipofungwa ndani ya tundu langu, kilifungwa chakula cha mchana cha nyumba nzima. Zile siku mbili alizoshinda paka tulikula muhogo kwa chumvi, baba, bibi, na Kombo akiwemo, yeye aliyenicheka asubuhi akaumeza muhogo mkavu mchana bila kunitupia neno. Na baba akakata kipande cha tatu kutoka kwenye kile kidogo kilichobaki, akanipa nikakifunge. Nilidhani ananipima mimi.

Enzi zile mtu aliweka kitoweo chake rehani kwa paka ili mtoto ajue kufunga fundo. Siku hizi tuna vitoweo vya kusaza mpaka bakuli la paka, tunao uwezo, tuna maduka. Tunanunua mto.