Medali ya Ndiyo ya Wauza Ndagala

Juzi, kwenye biro ya zone, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, nilimwona citoyen mmoja, bwana wa ofisi hiyo, akivishwa medali kwa ufundi wa kukusanya maoni ya watu. Wauza ndagala wote, hao wenye dagaa, alisema, wamekubali soko lao lihamishwe kutoka bandarini.

Karibu nami muuzaji mmoja akakunja uso. "Wote? Alikuja kutuuliza, chifu nyuma yake! Kule mbali nani atanunua ndagala zangu?"

Yule citoyen akasikia. "Mama, nilipokuuliza, si ulisema ndiyo?"

Mama akainua macho, akatazama juu ya bega la yule citoyen. Chifu alikuwa amesimama palepale tena, amekunja mikono kifuani.

"Ndiyo, Papa. Nilikubali."

"Munasikia!"

Tukapiga makofi. Citoyen hakugeuka kutazama nyuma hata kidogo, na ninashuku hiyo ndiyo kazi iliyompa medali.