Fundi wa vioo vyeusi aliyemficha mama yake uso

Saa nne asubuhi, fundi ameinamia laptopu ambayo mwenye nayo ameshaizika. Karatasi iliyobandikwa juu yake inasema: "IMEKUFA." Fundi anaiwasha. Feni inavuma, alama ya kampuni inachomoza, kisha kioo kinakuwa cheusi tii.

Hatishiki. Anabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kijitaa chake kinawaka. Anabonyeza tena, kinazimika.

"Unaona? Inasikia," anasema. "Iko hai humo gizani, ila haionekani. Watu wana haraka ya kuchimba kaburi."

Mashine hii inatumia Linux, mfumo wa kompyuta unaopatikana bure. Mwenyewe alikuwa akiusasisha, akachoka kusubiri, akaizima katikati. Mfumo ukaamka mpya, dereva wa picha akabaki wa zamani. Dereva katika kazi hii si mtu wa usukani. Ni programu ndogo inayojua namna ya kuchora picha kwenye kioo. Yeye na mfumo wasipoelewana, kioo kinabaki giza.

Fundi anaizima, anaiwasha, na kabla mfumo haujaamka anaongeza neno moja mwishoni mwa mstari wa amri za kuiwasha: nomodeset. Ni kama kuiambia mashine imwache dereva alale, ijichoree hivyo hivyo. Picha inakuja, imevimba, maandishi makubwa kama ya darasa la kwanza, lakini inakuja. Anamwondoa dereva wa zamani, anaweka anayelingana na mfumo mpya, anawasha upya. Dakika ishirini tu, marehemu kafufuka.

Siku za kawaida hakuna wa kushangilia naye. Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la fotokopi. Wateja huacha mashine chini kwa mama mwenye duka, pamoja na kikaratasi, na huzichukulia hapo hapo. Kwa wiki anapata sita, zikizidi sana nane, na nusu ya kipato inamezwa na kodi ya chumba. Sura za wateja hazijui. Anawajua kwa miandiko.

"Kuna wakati nilikaa siku tatu sijafungua mdomo," anasema. "Siku ya nne nikasikia kishindo, nikauliza, 'Nani?' Sauti ikatoka kama si yangu. Na mlangoni hapakuwa na mtu."

Hakuanza hivi. Alikuwa kwenye karakana ya mafundi watano, kelele na utani kutwa. Karakana ilipofungwa, kila ndege akaruka na bawa lake. Yeye akahamia hapa, kitanda nyuma ya meza, mlo mmoja kwa siku, na huo mmoja akiukumbuka.

Mama yake, anayeishi mbali, hakuambiwa. Kila Ijumaa mama akipiga simu ya video, jibu lilikuwa lile lile: ofisi inakwenda vizuri, wenzangu wanakusalimu. Mpaka Ijumaa moja mama akaona giza, sauti tu inasikika.

"Mbona sikuoni?"

"Dereva wa picha amegoma, Mama."

"Mfukuze! Kwani madereva wameisha?"

Fundi akacheka, hakumsahihisha. Ijumaa iliyofuata mama akauliza, "Huyo dereva wako bado?"

"Bado, Mama."

"Ana kiburi huyo. Mpe simu nimsemeze."

Ikawa mchezo wao. Miezi saba mama hakuona uso wa mwanawe.

Wenye watoto mbali na wafungue masikio hapa. Mtoto akisema "mimi mzima" kwa sauti bila uso, bado hajasema kitu.

Mama huyu aliishia darasa la saba, lakini uchungu wa mwana hauulizi cheti. Wiki iliyopita alikwenda kwa fundi wa simu mtaani kwake, akamwomba amtafutie mwanawe dereva mwingine. Fundi yule alicheka hadi akashika meza. Kisha akauliza, "Mama, wewe unamwona?"

"Simwoni. Giza tupu."

"Basi hilo si la dereva wa picha. Huyo akigoma, mwanao ndiye asiyeona kioo chake. Kamera ina dereva wake. Wewe ungemwona."

Mama aliondoka bila kuaga. Ijumaa akapiga.

"Baba," alimwambia mwanawe, "nimeambiwa kamera ina dereva wake."

Kabla fundi hajajitetea, mama akaendelea.

"Umefunika nini hapo?"

"Plasta, Mama. Ile ya kidonda."

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimeibandika juu ya kamera."

"Nimekuuliza, umeumia wapi?"

Fundi anasimulia haya akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia vioo. "Hapo ndipo niliposhindwa," anasema. "Nikaibandua."

Mama akamwona. Mashavu ya mwanawe yameingia ndani, shingo imebaki mishipa.

"Hao wenzako wanaonisalimu wako wapi?"

"Hawapo, Mama."

Akaigeuza laptopu taratibu, akamwonyesha kitanda, ukuta, na mashine zilizopangana zikiwa na vikaratasi vyake.

"Kilichonizuia kusema ni aibu," anasema. "Nilidhani namwepushia wasiwasi. Kumbe yeye alikuwa nao siku zote, mimi nilimnyima tu mahali pa kuuweka."

Kabla ya kukata simu, mama alitoa sharti moja. "Hama huko juu. Nikikupigia tena nataka nione mtu anapita nyuma yako. Yeyote, hata simjui."

Fundi alishuka ngazi siku iyo hiyo, akamwomba mama wa fotokopi kona ya duka, pembeni ya mlango, pa kuweka meza. Atalipia sehemu yake ya umeme. Chumba cha juu kitabaki cha kulala tu. Anapanga mteja aketi mbele yake, aone kioo chake kikiamka, na aeleze kwa mdomo alichokifanya kikazimika.

Meza inashuka kesho.

"Mama wa duka amekubali," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Akaniambia, 'Hamia tu, lakini mimi naongea sana, usije ukalalamika.' Nikamwambia aanze leo."